Salio la kila mstari: shajara ya kuhamisha daftari la kikundi kwenye hifadhidata

Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopa, wanachama 30, tunakutana kila Jumamosi asubuhi hapa Morogoro. Mzunguko huu ulianza Julai 2024 na utafungwa kwa mgao baada ya mwaka. Mhazini anaandika kila kitu kwenye daftari kubwa: tarehe, jina, maelezo, kuingia, kutoka, na safu ya mwisho ni SALIO. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayotuchosha. Mstari mmoja ukikosewa, yote iliyo chini yake imeharibika, na kusahihisha ni kukaa na kikokotoo mpaka giza liingie.

Nataka hifadhidata itoe salio la kila mstari yenyewe, na lilingane na daftari mstari kwa mstari. Ninaandika hapa ili katibu au mhazini wa kikundi kingine aweze kunakili. Atakachokuta kwa wingi ni pale palipokwama, kwa sababu kwiri yenyewe (amri ya kuiuliza hifadhidata) ni fupi sana.

11 Januari 2025: jedwali

Daftari lina safu mbili za fedha, Kuingia na Kutoka. Kwenye jedwali nimeweka safu moja tu, `kiasi`, yenye alama: fedha iliyoingia kwenye mfuko ni chanya, iliyotoka ni hasi. Nilijaribu kwanza kuziacha mbili kama zilivyo kwenye karatasi. Mstari wa hisa hauna kitu upande wa Kutoka, kwa hiyo pale panakuwa NULL (yaani pasipo na thamani), na `kuingia - kutoka` inatoa NULL badala ya namba. `SUM` huruka NULL kimyakimya. Matokeo yake salio linabaki palepale kana kwamba hakuna aliyeweka fedha, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Unaweza kuzungushia `COALESCE` (inayoweka sifuri palipo na NULL) kila mahali, lakini safu moja yenye `NOT NULL` (isiyokubali kuachwa tupu) inamaliza jambo tangu mlangoni.

Fedha nimeiweka kama namba kamili, `BIGINT`. Shilingi zetu hazina senti zinazozunguka, na namba za desimali za kukadiria (`FLOAT`) zinakusanya makosa madogo kila unapojumlisha. Kwenye jumla inayobebwa kutoka mstari hadi mstari, hayo makosa yanabebwa pia.

Safu nyingine ni `id`, namba ya kila mstari kwa mpangilio wa kuingizwa, na `akaunti`: hisa, jamii, mkopo au faini. Marejesho yako chini ya `mkopo`, kwa alama chanya.

Gharama: kijana aliyeingiza kurasa za tangu Julai nimemlipa shilingi 60,000.

14 Januari 2025: njia ya kwanza, kujumlisha upya kila mstari

Seva tuliyokuwa tumekodi ilikuwa na programu ya hifadhidata ya MySQL 5.7. Huko hakuna `SUM() OVER`, amri ya kubeba jumla kutoka mstari hadi mstari. Amri za namna hiyo, ziitwazo fanksheni za dirisha, ziliingia MySQL toleo la 8.0, mwaka 2018. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kwiri ndani ya kwiri:

```sql
SELECT a.id, a.tarehe, a.kiasi,
       (SELECT SUM(b.kiasi)
          FROM miamala b
         WHERE b.id <= a.id) AS salio
FROM miamala a
ORDER BY a.id;
```

Jibu ni sahihi. Tatizo ni kazi inayofanyika. Mstari wa kwanza unasoma mstari mmoja, wa pili miwili, wa mia unasoma mia. Kwa mistari n, inayosomwa ni n(n+1)/2. Kikundi cha watu 30, wiki 52, mistari mitatu kwa kila mtu kila wiki, ni mistari 4,680 kwa mwaka. Hiyo ni 10,953,540 ya kusoma, na kompyuta ya leo inavumilia. Lakini tuna mpango wa kuwashirikisha wenzetu wa kata nzima, kwa hiyo nilijaza mistari 40,000 ya majaribio, sawa na mwaka mmoja wa vikundi vinane na zaidi kidogo. Hapo inakuwa 800,020,000. Mistari imeongezeka mara nane na nusu, kazi imeongezeka mara sabini na tatu. Ukurasa ulikatika kabla haujafunguka.

Kwa kadi ya mwanachama mmoja, njia hii inatosha kabisa, na mwenye hifadhidata ya zamani asiione haya kuitumia. Kwa salio la mfuko mzima haifai.

18 Januari 2025: vigeuzi vya MySQL, na kuhama

Wengi hupendekeza kigeuzi kinachobeba jumla:

```sql
SELECT m.tarehe, m.kiasi,
       @salio := @salio + m.kiasi AS salio
FROM miamala m, (SELECT @salio := 0) z
ORDER BY m.tarehe, m.id;
```

Ina kasi, inapita mara moja tu. Kwenye jedwali moja ilitoa majibu mazuri. Nilipounganisha na jedwali la `wanachama` ili kupata majina, salio lilianza kurukaruka: 318,500, kisha 94,000, kisha 402,000, bila uhusiano na kiasi cha mstari husika. MySQL ilikuwa inajumlisha kwa mpangilio inaosoma mistari, halafu ndipo inapanga kwa tarehe kwa ajili ya kuonyesha. Nyaraka za MySQL zenyewe zinasema mpangilio wa kukokotoa vigeuzi vya namna hii haujahakikishwa, na tangu 8.0.13 kuweka thamani kwa `:=` ndani ya kwiri kumetangazwa kuwa njia inayoelekea kuondolewa.

Fedha za watu haziwezi kutegemea kitu ambacho mtengenezaji wake anasema hakiahidi. MySQL 5.7 yenyewe ilifikia mwisho wa matunzo Oktoba 2023. Tumehamia seva ndogo yenye PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, dola 6 kwa mwezi, kikundi kimeridhia ilipwe kutoka mfuko wa faini. Mwenye MySQL 8.0 au MariaDB 10.2 kwenda juu hana haja ya kuhama. Karibu kila kilichoandikwa kuanzia hapa kitamfaa.

25 Januari 2025: SUM() OVER, na salio linalojirudia

Kwiri mpya:

```sql
SELECT tarehe, akaunti, kiasi,
       SUM(kiasi) OVER (ORDER BY tarehe) AS salio
FROM miamala
ORDER BY tarehe;
```

Mistari 40,000 ya majaribio ilitoka kabla sijainua mkono kwenye kibodi. Inasoma jedwali mara moja, inapanga, inajumlisha huku inashuka. Nikachapa ukurasa wa kikao cha leo nikampelekea mhazini. Akaurudisha papo hapo, kidole kikiwa kwenye mistari mitatu ya mwisho:

```
tarehe       akaunti     kiasi     salio
2025-01-25   hisa        10000    318500
2025-01-25   hisa         6000    318500
2025-01-25   mkopo     -150000    318500
```

"Mwanangu, mtu kaweka elfu kumi, mwingine kaweka elfu sita, mwingine kakopa laki na nusu, na mfuko haukutikisika?"

Na si hiyo mitatu tu. Mistari yote ya tarehe 25 ilikuwa na 318,500, yote ya tarehe 18 ilikuwa na salio lake moja, na kadhalika mpaka Julai.

Sababu ni hii, na ningependa kila anayenakili aisome mara mbili. Ukiandika `ORDER BY` ndani ya `OVER` bila kutaja fremu (mistari ipi ijumlishwe kwa kila mstari), kiwango cha SQL, lugha ya kuandikia kwiri, kinakuwekea fremu hii:

```sql
RANGE BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
```

Kwa `RANGE`, "mstari wa sasa" maana yake ni mstari huo pamoja na yote iliyo sare nao kwa kigezo cha kupanga. Kigezo chetu ni tarehe, na kikao kizima kina tarehe moja. Basi mistari yote ya siku hiyo inahesabiwa kwa pamoja, na kila mmoja unapata salio la mwisho wa siku. Si kosa la hifadhidata. Imejibu swali la "mfuko ulikuwa na kiasi gani mpaka mwisho wa tarehe hii", wakati sisi tunauliza "mpaka mstari huu".

Marekebisho yana sehemu mbili, na moja bila nyingine haitoshi:

```sql
SUM(kiasi) OVER (ORDER BY tarehe, id
                 ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING
                          AND CURRENT ROW)
```

`ROWS` inahesabu mstari mmojammoja. `id` inavunja sare. Ukiweka `ROWS` peke yake na kuacha `ORDER BY tarehe`, salio litabadilika kwa kila mstari na litapendeza macho, lakini hifadhidata iko huru kupanga mistari ya siku moja itakavyo. Leo hisa inatangulia, kesho baada ya jedwali kuguswa mkopo unatangulia, na karatasi mbili za kikao kilekile hazilingani. Hilo ni baya kuliko salio linalojirudia, maana linalojirudia mhazini aliliona mara moja.

Sasa mistari ile mitatu inasoma 462,500, kisha 468,500, kisha 318,500. Daftari linasema hivyo hivyo.

Gharama: kurasa za kikao zimechapwa upya, karatasi na wino.

1 Februari 2025: saa nne kamili ni saa ngapi?

Hii ndiyo iliyokula muda kuliko zote, na haimo kwenye mwongozo wowote wa SQL.

Kupanga kwa `id` kunafuata mpangilio wa kuingizwa kwenye kompyuta. Kijana wetu hakuingiza kurasa kwa mfuatano. Alianza na zilizo safi. Nikaona nipange kwa `tarehe` na `saa`, kwa kuwa mhazini huandika saa pembeni ya kila mstari, na malipo ya simu yanakuja na saa kwenye ujumbe. Salio la kikao kimoja cha Novemba likatoka hivi, likianzia 94,000:

```
saa      maelezo              kiasi      salio
04:10    hisa                 20000     114000
04:40    mkopo              -150000     -36000
10:05    marejesho (simu)     60000      24000
```

Mfuko wa kikundi hauwezi kuwa hasi. Hatuna benki inayotuazima. Mkopo hutolewa kwenye fedha iliyopo, mbele ya macho ya wote. Salio la −36,000 linamaanisha tulimkopesha mtu hela ambayo haikuwepo duniani.

Nikampigia mhazini.

"Mama, shikamoo. Samahani, nisomee ukurasa wa kikao kile cha Novemba, mstari wa mkopo wa laki na nusu."

"Marahaba. Huo hapa. Saa nne na dakika arobaini."

Ni saa nne ya kwetu. Yaani 10:40. Ujumbe wa simu ulisema 10:05 AM, yaani saa nne na dakika tano. Marejesho yaliingia kwanza, hisa ikafuata, mkopo ukatoka mwisho, na salio la kweli ni 154,000, kisha 174,000, kisha 24,000. Safu ya `saa` ilikuwa na hesabu mbili za saa ndani yake, kila moja sahihi kwa mwenyewe.

Kubadilisha kunawezekana. Saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, unaongeza 6. Saa za usiku unaongeza 18 na kutoa 24 ikizidi au ikifika 24: saa 1 usiku ni 19:00, saa 6 usiku ni 00:00, saa 11 alfajiri ni 05:00. Saa 12 asubuhi inafuata kanuni ya usiku, inakuwa 06:00. Ukiitupa kwenye kanuni ya mchana inageuka 18:00 na mtu aliyetuma fedha kabla ya jua kutoka anaonekana ametuma magharibi. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku ni lazima liwepo, la sivyo huwezi kujua. Kwenye daftari letu mara nyingi halipo, maana kila mtu aliyekuwa kikaoni anajua ilikuwa asubuhi. Kisha kuna tarehe: mtu anayetuma saa 7 usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kalenda ya simu inasema Jumapili saa 01:00, mhazini ameandika Jumamosi.

Baada ya kuandika ubadilishaji wote huo, nimeuacha. Safu ya `saa` imebaki kama maelezo ya kusoma tu. Mpangilio unatoka kwenye daftari lenyewe: ukurasa na mstari. Kila ukurasa umesainiwa na mwenyekiti, katibu na mhazini mwisho wa kikao, na kila mstari ulipoandikwa, salio lake lilisomwa kwa sauti. Huo ndio mfuatano ambao wanachama walikubaliana nao. Mkutano wenyewe una utaratibu: kwanza mfuko wa jamii, kisha hisa, kisha marejesho, mikopo mwisho, ili kinachokopeshwa kiwe kimeshaingia. Malipo ya simu ya katikati ya wiki huandikwa mhazini anapoyapokea, na yanapata mstari wake.

```sql
ALTER TABLE miamala
  ADD COLUMN ukurasa INT,
  ADD COLUMN mstari  INT;

-- baada ya kujaza kurasa zote:
ALTER TABLE miamala
  ALTER COLUMN ukurasa SET NOT NULL,
  ALTER COLUMN mstari  SET NOT NULL,
  ADD CONSTRAINT nafasi_ni_moja UNIQUE (ukurasa, mstari);
```

`UNIQUE` ile, inayokataa mistari miwili kuwa na nafasi moja, ndiyo inayonipa usingizi. Sare haiwezekani tena, kwa hiyo salio la mstari fulani ni moja tu, leo na mwakani.

Gharama: kurudia kurasa zote na kuandika namba za mistari, shilingi 20,000 kwa kijana, na jioni nyingi za kuhakiki.

Ukitaka kufanya jambo moja tu kabla hujagusa SQL, kaa na mhazini wako mkubaliane muamala upi unatangulia upi, na nini kinathibitisha. Ikiwa hamna jibu, hakuna kwiri itakayowapa.

8 Februari 2025: kadi zinazoanzia sifuri

Kadi za wanachama zilitakiwa kuonyesha mwaka mpya tu, Januari kuendelea. Nikaongeza `WHERE tarehe >= '2025-01-01'`. Wanachama waliopokea kadi walishangaa: mtu mwenye hisa tangu Julai anaona kadi inaanza na elfu kumi. Mama mmoja alikaa kimya muda mrefu akiitazama, na sitaki kuona tena mtu akishika karatasi yangu namna ile.

`WHERE`, yaani kuchuja mistari, hutekelezwa kabla ya `OVER`. Mistari ya 2024 ilishaondolewa wakati jumla inaanza. Kwa hiyo salio likokotolewe kwanza juu ya historia nzima, kuchuja kuje nje:

```sql
CREATE VIEW kadi AS
SELECT mwanachama_id, akaunti, tarehe, ukurasa, mstari, kiasi,
       SUM(kiasi) OVER (PARTITION BY mwanachama_id, akaunti
                        ORDER BY ukurasa, mstari
                        ROWS UNBOUNDED PRECEDING) AS salio
FROM miamala;

SELECT * FROM kadi
WHERE mwanachama_id = 17 AND tarehe >= DATE '2025-01-01'
ORDER BY akaunti, ukurasa, mstari;
```

`PARTITION BY` inaanzisha jumla upya kwa kila mwanachama na kila akaunti, hisa zisichanganyike na mkopo. Kwenye akaunti ya mkopo salio linatoka hasi, kwa sababu alama zetu ni za upande wa mfuko. Kwenye kadi nageuza alama na kuandika "deni lililobaki".

PostgreSQL inafanya jambo la akili hapa. Sharti la `mwanachama_id` inaliingiza ndani ya viu (kwiri iliyohifadhiwa kwa jina, hapa `kadi`) kabla ya kujumlisha, kwa kuwa ni kigezo cha `PARTITION BY` na halibadilishi jibu la mwanachama huyo. Sharti la tarehe inaliacha nje, kwa kuwa lingebadilisha. Sikulazimika kuandika kwiri tofauti kwa kila mtu.

Gharama: kadi 30 zimechapwa upya na kupelekwa kwa mikono, kila moja na maelezo.

22 Februari 2025: kusahihisha bila kufuta

Mstari ulioingizwa vibaya haufutwi. Kufuta mstari wa Agosti kunabadilisha kila salio lililochapwa na kusainiwa tangu Agosti. Tunaandika mstari mpya kwenye ukurasa wa leo wenye kiasi kilekile na alama ya kinyume, kisha mstari sahihi. Nimeondoa ruhusa za `UPDATE` (kubadilisha) na `DELETE` (kufuta) kwa mtumiaji wa programu. Salio za zamani hazitikisiki.

1 Machi 2025: indeksi

`EXPLAIN`, amri inayoonyesha hatua za kwiri, ilionyesha `WindowAgg` (kujumlisha) na chini yake `Sort` (kupanga). Kwa salio la mfuko mzima, indeksi (orodha iliyokwishapangwa ya kutafutia mistari) iliyokuja na `UNIQUE (ukurasa, mstari)` inatosha kuondoa `Sort`. Kwa kadi:

```sql
CREATE INDEX kadi_idx ON miamala
  (mwanachama_id, akaunti, ukurasa, mstari) INCLUDE (kiasi);
```

Kwa kikundi kimoja tofauti haionekani kwa jicho. Nimeiweka kwa ajili ya vikundi vinavyokuja.

Kuna aliyeshauri tuhifadhi salio kama safu kwenye jedwali. Nimekataa. Salio lililohifadhiwa linaweza kutofautiana na miamala iliyolizaa, na siku hiyo hutajua uamini kipi.

8 Machi 2025: simu ya mhazini

Tulitengeneza programu ndogo ya Android ili mhazini aone salio hata pasipo na mtandao. Ndani yake kuna SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu. Kwenye simu yangu ilifanya kazi. Kwenye simu yake ilisimama na ujumbe `near "(": syntax error`.

SQLite ilipata fanksheni za dirisha toleo la 3.25.0, Septemba 2018. Lakini simu hutumia SQLite iliyokuja na mfumo wake: Android 11 ina 3.28, Android 10 bado ina 3.22. Simu ya zamani haijui `OVER` ni nini, inaidhani ni jina la safu, ikifika kwenye mabano inashindwa.

Kumwambia mhazini anunue simu mpya hakukuwa jibu. Kwenye simu, kwiri inaleta mistari tu, `ORDER BY ukurasa, mstari`, na programu inajumlisha huku inasoma: anza na sifuri, ongeza kiasi, andika, endelea. Ni mistari michache ya msimbo, haina sare ya kuogopa kwa kuwa mpangilio ulishatatuliwa, na inakwenda kwenye simu yoyote. Anayetaka SQL ileile kila mahali anaweza kufungasha SQLite yake ndani ya programu, ila faili la kusakinisha linanenepa na bando la kulipakua linaongezeka.

15 Machi 2025: Jumamosi zilizopotea

Mwenyekiti aliomba karatasi ya ukutani: kila Jumamosi, kilichoingia wiki hiyo na mfuko ulipofikia. Jaribio la kwanza lilikusanya kwa `GROUP BY tarehe`. Jumamosi tulizoahirisha kikao kwa sababu ya msiba hazikuwepo kabisa, na malipo ya simu ya Jumatano yalipata mstari wake kana kwamba ni kikao. Kuandika `SUM(kiasi) OVER` moja kwa moja juu ya `GROUP BY` nako kulikataliwa, kwa kuwa baada ya kukusanya, `kiasi` cha mstari mmojammoja hakipo tena. Unajumlisha jumla:

```sql
SELECT j.siku::date AS jumamosi,
       COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS ya_wiki,
       SUM(COALESCE(SUM(m.kiasi), 0))
         OVER (ORDER BY j.siku) AS mpaka_hapo
FROM generate_series(DATE '2024-07-06', DATE '2025-03-29',
                     INTERVAL '7 days') AS j(siku)
LEFT JOIN miamala m
       ON m.tarehe >  j.siku - INTERVAL '7 days'
      AND m.tarehe <= j.siku
GROUP BY j.siku
ORDER BY j.siku;
```

`SUM` ya ndani ni ya wiki, ya nje inabeba. `generate_series` inazalisha Jumamosi zote tangu mzunguko uanze, na `LEFT JOIN` inaziacha zibaki hata kama hazina muamala. Hapa fremu ya kawaida haina madhara, kwa kuwa kila Jumamosi ni mstari mmoja.

Wiki ya msiba sasa inaonekana: ya wiki 0, mpaka hapo palepale. Wanachama walitaka iwepo. Ni sehemu ya historia ya kikundi.

29 Machi 2025: kulinganisha na sanduku

Hii inaendeshwa kabla ya kila kikao:

```sql
SELECT ukurasa, mstari, salio
FROM (SELECT ukurasa, mstari,
             SUM(kiasi) OVER (ORDER BY ukurasa, mstari
                              ROWS UNBOUNDED PRECEDING) AS salio
      FROM miamala) s
WHERE salio < 0;
```

Ikileta mstari wowote, kuna namba ya ukurasa au alama iliyokosewa, na inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Wiki ya kwanza ya kuitumia ilikamata mkopo ulioandikwa ukurasa 41 badala ya 47. Tangu hapo inarudi tupu.

Leo wenye funguo tatu walifungua sanduku, fedha ikahesabiwa mezani, ikaongezwa na iliyo kwenye laini ya simu. Jumla ililingana na salio la mstari wa mwisho wa hifadhidata na la mstari wa mwisho wa daftari. Mhazini ameomba daftari la karatasi liendelee sambamba mpaka mgao, na ninakubaliana naye.

Kilichobaki ni mgao wenyewe: riba ya mikopo igawanywe kwa hisa za kila mtu. Hapo salio la mwisho la kila mwanachama kwenye `kadi` ndilo kigezo, na shilingi zinazobaki baada ya kugawanya kwa namba kamili zinahitaji uamuzi wa kikao. Nimeomba iwe ajenda ya Jumamosi ijayo.